Kikapu Kinachozunguka Kushoto

Shangazi yangu ni wa mkono wa kushoto. Naanza na hilo kwa sababu ukilijua hilo mengine utayaelewa, na mimi sijui kuficha jambo ili nimshtue msomaji huko mbele. Anakula kwa mkono wa kulia, maana huo alifundishwa kwa kamba: mama yake alikuwa anamfunga wa kushoto kwa ukamba wa mgomba kila saa ya chakula. Anasalimia kwa wa kulia. Anapokea kitu kwa wa kulia. Lakini akishika uruhindu, ile sindano nene ya chuma tunayotobolea nyasi tunapofuma, inahamia kushoto yenyewe, na hapo hata mama yake alichoka akamwacha.

Sina hakika kama mimi ndiye wa kuandika habari hii. Nimesoma mpaka darasa la sita tu, na huyo shangazi ndiye aliyenilea, nyumbani kwa mume wake mtaani Bwiza, kwa hiyo naweza kumpendelea bila kujijua. Nimejaribu kuweka kila upande jinsi ulivyosema. Wenzangu waliniomba nisitaje jina la mtu wala la mlima, na nimekubali.

Tunachofuma ni agaseke, kikapu kidogo chenye kifuniko kirefu kilichochongoka. Kila mlima una namna yake. Cha kwetu, mlima ulio juu ya mtaa wa Kinanira, kina mistari myeusi inayopanda kama ngazi, na mjini watu wanakiita kwa jina la mlima wenyewe. Mume wa shangazi alipofariki tulirudi sisi wawili kuishi Kinanira, chini kidogo ya alikozaliwa, tukaingia katika kikundi cha wafumaji. Wengine wanaishi juu, wengine wameshuka kama sisi. Mimi wakanifanya katibu, kwa sababu ya lile la sita.

Shida ilianzia dukani. Vikapu vyetu vingi vinauzwa na mzee mmoja wa Bwiza, mtu wa ukoo wa Kiarabu ambao umekuwa na maduka pale tangu babu zake. Siku moja nilimpelekea mzigo, akaniambia nikae. Akapanga vikapu juu ya meza, vyote vina mistari ya ngazi.

"Mama, wewe ni mfumaji. Nionyeshe chenu ni kipi."

Nikavitazama, nikanyoosha kidole. Akacheka bila furaha.

"Hicho kimekuja jana na gari. Kimetoka mbali kabisa."

"Haiwezekani, mzee."

"Wallahi, sikudanganyi. Mtu ananiletea, ananiapia ni cha mlima ule, na mimi napanga. Sasa kama wewe mwenyewe umekosea, mimi ningejuaje? Wateja wananirudishia. Wanasema rangi inatoka, mfuniko unalegea. Wanasema vikapu vya mlima ule vimekwisha."

Nilirudi na aibu, sikumwambia mtu siku hiyo. Lakini niseme haki: vile vikapu vya kwenye gari havikuwa vibaya sana. Kuna mwanamke mahali alikaa akavifuma, pengine ana watoto wa kulisha, na pengine hajui vinauzwa kwa jina gani. Aliyeapa uongo ni mwingine.

Mwenyekiti wetu, mama mmoja mkali mwenye sauti ya kanisani, aliposikia alitafuta mpaka akampata dada mmoja wa ofisi ya serikali anayejua sheria ya mambo hayo. Dada huyo alikuja kwetu kwa miguu kutoka barabarani, viatu mkononi kwa sababu ya matope, na tangu hapo wengi tulimpenda. Tulikutana katika gereji ya mwenyekiti, ambayo haijawahi kuingia gari.

Akatuambia kuna sheria inayolinda jina la mahali. Kama kitu kina sifa kwa sababu ya kule kinakotoka na jinsi watu wa kule wanavyokitengeneza, hao watu wanaweza kuandikisha jina, na mwingine asiruhusiwe kulitumia. Kwa Kifaransa inaitwa indication géographique.

"Ni kama alama ya ng'ombe?" mwenyekiti akauliza.

"Karibu, mama. Lakini ng'ombe ana mwenyewe. Hii haina mwenyewe mmoja. Ni ya wote walio mahali pale, wakifuata masharti. Na masharti mtayaandika ninyi, si mimi."

Mstari wa ramani, wa kuonyesha mahali penyewe, haukutusumbua. Ulizunguka mlima ukashuka mpaka Kinanira tunakoishi, na wote tulikuwa ndani. Masharti ndiyo yaliyotuchukua muda. Yanaandikwa katika kitu wanachokiita cahier des charges, sisi tukakiita kaye. Tukaandika nyasi zetu na mahali zinapokatwa. Tukaandika rangi yetu nyeusi inavyochemshwa na tope la bondeni. Tukaandika kipimo cha shangazi, ambacho kila mmoja wetu anakijua: kikapu kinajazwa ulezi, kinatikiswa juu ya kitambaa, na punje isitoke hata moja. Dada wa ofisi alisikiliza yote, halafu akauliza:

"Vizuri. Sasa mteja akiwa dukani, hana ulezi, hajui tope. Anaona nini?"

Vikapu vilikuwa katikati, vyetu na vile vya kwenye gari ambavyo mzee wa Bwiza alituazima. Ndipo mama mmoja anayeuza sokoni, mwenye mdomo, akavipindua vyote.

"We! Njooni muone matako ya hivi!"

Watu wakacheka, kisha wakainama, kisha wakaacha kucheka. Chini ya vikapu vyetu mizunguko ya nyasi ilikwenda kulia. Chini ya vile vingine ilikwenda kushoto. Tulijaribu kimoja kimoja na hakikukosea hata kimoja. Mwenyekiti akaelewa sababu: kule wanashonea upande wa ndani, sisi tunashonea nje, kwa hiyo mzunguko unageuka.

"Hata mutoto anaona!" akasema yule wa sokoni. "Unageuza tu. Kulia, ya kwetu. Kushoto, kwaheri!"

Vikapigwa vigelegele. "Andika, katibu!" mwenyekiti akanihimiza. "Andika upesi isikimbie!"

Nikaandika kwamba kikapu cha mlima wetu huzunguka kulia. Nilipoinua kichwa ili nifurahi na shangazi, nilimwona yuko kwenye kona yake, anapiga vigelegele pamoja na wengine. Kikapu chake alikuwa amekiweka mapajani, amekifunika kwa kitenge.

Tukarudi nyumbani kwa miguu.

"Shangazi, umeona ile sharti?"

"Iko muzuri. Mutu anaona mara moja."

"Lakini ya kwako..."

"Ya kwangu nini? Tembea. Mvua inakuja."

Ni kitu cha kushangaza kwamba hakuna mtu aliyekumbuka mle gerejini, hata mimi mpaka nilipoona kile kitenge. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nadhani ni kwa sababu ya jinsi alivyotufundisha. Wafumaji wengine humkalisha mwanafunzi ubavuni. Shangazi anamkalisha mbele yake, magoti karibu yagusane. Mkono wake wa kushoto unakuwa sawa na wako wa kulia, kama unajitazama kwenye kioo, na wewe unafuata tu bila kugeuza kitu kichwani. Ndiyo maana tulijifunza upesi. Mtu aliyefundishwa hivyo anaangalia mikono, halafu kazi yake mwenyewe. Haangalii chini ya kikapu cha mwalimu. Sitaki kuzidisha: juu mlimani walikuwepo walimu wengine, na wanafunzi wao pia wanazungusha kulia. Lakini waliokuwa gerejini, wengi walipita mbele ya magoti yale, na mwenyekiti mmoja wao.

Baada ya hapo akaanza kukaa ukumbini nyuma ya nyumba kila alasiri, mgongo ameuelekeza njiani. Nilidhani anapumzika. Kisha nikaona ameushika uruhindu kwa mkono wa kulia.

Nilitaka kumwambia aache, nikaona si kazi yangu. Nilitaka kumsifu, nikaona ni uongo. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta tundu kama vya mtu aliyeingia chumba cha giza. Alikuwa anashona, anafumua, anashona. Jirani yetu mmoja, mama anayeuza maandazi, alichungulia juu ya ua.

"Eh, mama! Umerudi shuleni?"

"Ndiyo. Na niko wa mwisho darasani."

"Mwalimu anakuchapa?"

"Mwalimu ni mi mwenyewe. Huyo hana huruma."

Walicheka wote wawili. Jirani alipoondoka shangazi aliukunja na kuukunjua mkono ule wa kulia mara nyingi, akaupuliza kama umeungua.

Kaye ilikuwa inarudi kwenye kikundi mara ya mwisho kabla ya kupelekwa ofisini. Usiku nilikuwa najiuliza kama niseme. Nikisema, wataniambia natetea nyumba yangu. Nikinyamaza, nitakuwa nimeandika kwa mkono wangu sharti linalomtoa aliyenifundisha, na nimelinyamazia. Niliona kusema ni afadhali, lakini nasema wazi kwamba sijui kama ningeona hivyo kama angekuwa shangazi wa mtu mwingine.

Siku ilipofika nikasimama.

"Nina jambo. Nalisema kama katibu, na mnisamehe, maana mnajua huyu ni nani kwangu. Shangazi anazungusha kushoto. Kwa sharti hili, kazi yake haitapata jina."

Yule wa sokoni akajipiga paji la uso.

"Yoo, Mana yanje, Mungu wangu! Ni kweli! Mama ni wa kushoto!"

Wakaongea wote pamoja. Mmoja akasema tumwandike yeye peke yake, iwe kulia isipokuwa kwa mama huyu. Dada wa ofisi akatikisa kichwa pole pole. Alisema masharti hayaandikwi kwa jina la mtu. Tunaweza kuandika kwamba kushoto pia kunakubaliwa, lakini basi kunakubaliwa kwa wote.

"Na ile gari itapita apo apo," mwenyekiti akasema.

"Gari ipite kwa nini?" mwingine akamjibu. "Nyasi yao ni ingine, rangi yao ni ingine."

"Na muteja dukani anajua nyasi? Sisi wenyewe tulishindwa. Katibu alishindwa, na ni mufumaji."

Hilo lilikuwa kweli. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Katibu anapigania sahani ya kwao."

"Inawezekana," nikasema. "Ndiyo maana niliwaambia mapema."

Nataka ijulikane kwamba mwenyekiti hakuwa na ubaya. Alikuwa anazungumza huku anaangalia sakafu, na sauti ya kanisani ilikuwa imemtoka. Alisema, "Huyu mama alinipa mikono hii. Munadhani mi napenda? Lakini tukifungua mulango kwa mupendwa mumoja, tutaufunga na nini?"

Ndipo shangazi akasema, kwa utulivu kabisa, "Musigombane. Mi niko na ya kulia."

Akafungua kitenge, akatoa kikapu. Kilikuwa kinazunguka kulia, ndiyo. Mistari ya ngazi ilipanda, ikapotea, ikapanda tena. Kifuniko kilikaa upande kama kofia ya mlevi. Wengine walitazama pembeni. Hakuna aliyecheka, hata yule mwenye mdomo.

Kwa mujibu wa kaye, wakaguzi ni watatu: mwenyekiti, mama wa sokoni na mimi. Nikaomba nisiwemo kwa sababu ya ujamaa. Shangazi akakataa.

"Pima we. Mi nilikufundisha kupima. Au nilikufundisha vibaya?"

Mwenyekiti akanipa ulezi. Nikatandika kitambaa, nikajaza kikapu mpaka mdomoni, nikafunika, nikakiinua kwa mikono miwili. Nilifikiri kukitikisa taratibu. Lazima niandike hilo, kwamba nilifikiri. Halafu nikakitikisa kama ninavyotikisa kingine chochote. Punje zikaanza kudondoka juu ya kitambaa, si nyingi, kwa sauti ndogo ambayo gereji nzima iliisikia.

"Hakifai," nikasema.

"Sema sababu," shangazi akaniambia, vile alivyokuwa anatuambia tukiwa wanafunzi.

"Mizunguko imelegea tumboni. Na kifuniko kinacheza."

"Na nini tena?"

"Uzi umevutwa kwa nguvu mahali, na mahali umeachwa."

"Ni kweli. Kama kingekuwa chako ningekufumulisha chote." Akakichukua, akakigeuza, akakiangalia kama cha mtu asiyemjua. "Basi. Huyu apana mufumaji. Huyu ni mutu anajifunza. Jina la mulima haliendi kwa mutu anajifunza."

Mama wa sokoni akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka, "Lakini ile yako ya kushoto inashinda ya sisi wote!"

"Inashinda, na inafanana na ya gari. Yote mbili ni kweli. Ungekuwa muteja ungefanya nini? Ungeomba nikuonyeshe mukono?" Akakirudisha kikapu mapajani. "Nilizaliwa juu kule. Mama yangu alikuwa ananificha nikifuma, watu wasione. Nilifurahi sana siku ile muliita kikundi na mukaniita na mi. Sasa mi nasema sharti ibaki. Wakija kuiba jina, wasipate tundu, hata kama tundu ni mi."

Dada wa ofisi aliuliza kama amefikiri vizuri, kwa sababu masharti yanaweza kubadilishwa siku za mbele lakini si rahisi. Shangazi akasema amefikiri kila alasiri. Mikono ikainuliwa. Karibu wote waliunga mkono, yeye mwenyewe wa kwanza. Mama wa sokoni hakuinua, na nimeandika hivyo kwenye kumbukumbu, kwa kuwa aliomba iandikwe. Mimi niliomba nisihesabiwe. Niliiona ni haki. Siku nyingine naiona ni woga uliovaa nguo ya haki, na sijaweza kuzitenganisha hizo mbili.

Kaye ikaenda. Jibu la ofisi bado halijatoka, lakini tuliruhusiana kuanza kushona lebo ya kikundi, kitambaa kidogo chenye jina la mlima, ili wateja wazoee. Mzee wa Bwiza ameweka kibao dukani kinachosema mteja ageuze kikapu kabla ya kununua. Vya kwenye gari bado anaviuza, ila kwa bei yake na kwenye rafu yake, na akiulizwa anasema ukweli. Vya shangazi hakujua aviweke wapi. Vikawa na kona yao, bila lebo.

Kushona lebo kulihitaji mtu mwenye mkono mwepesi, maana uzi usionekane kwa nje. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kumwomba shangazi. Alikaa kwenye kigoda, akazungumza habari za mvua, za homa ya wajukuu, za bei ya sukari, mpaka nikadhani amesahau alichojia. Mwishowe akasema. Nilidhani shangazi atakasirika, na nadhani mwenyekiti pia alidhani. Shangazi akasema, "Leta."

Sasa vinaletwa kwetu, vya kila mtu, na vyangu pia. Anakaa mbele ya nyumba, uso ameuelekeza njiani, anashona kwa kushoto. Wiki iliyopita alinyanyua lebo moja, akaisogeza mbali na macho.

"Nisomee."

Nikamsomea jina la mlima.

"Tu?"

"Tu, shangazi."

"Haisemi nani alifuma?"

"Apana. Haisemi mutu. Inasema mahali."

Akazipapasa zile herufi kwa kidole gumba, moja moja, ingawa hazijui.

"Basi, mi niko wa mahali," akasema.

Sikuweza kujua kama alikuwa anaamini hivyo, au alikuwa ananihurumia mimi. Akakata uzi kwa meno. Nikamsogezea kikapu kingine.